Kuuliza Si Ujinga, Basi Ni Nini?

Kuuliza si ujinga. Methali hii tumelishwa tangu darasa la kwanza, na sijawahi kumsikia mtu akiipinga. Lakini ukiitazama vizuri utaona imefanya nusu tu ya kazi. Imetuambia kuuliza si kitu gani. Haikutuambia ni kitu gani. Je, ni akili? Ni ujasiri? Ni utovu wa adabu uliosamehewa? Nataka tulijadili jambo hili, ndugu msomaji, kwa sababu sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunapenda kusema fulani ana kipaji na fulani hana. Mimi nashuku kwamba kile tunachokiita kipaji, mara nyingi ni namna tu ya mtu kuuliza.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mswahili akiamka, neno la kwanza kinywani mwake ni swali. Hujambo? Umeamkaje? Habari za tangu jana? Za nyumbani? Watoto je? Na sisi vijana: mambo? vipi? Mtu anaweza kuulizwa maswali ishirini kabla hajafika kituo cha daladala. Lakini hebu yajibu kweli uone watu watakavyokushangaa. Majibu yamekwishapangwa: sijambo, nzuri, salama, poa. Hata aliyepatwa na msiba hujibu, "Nzuri tu, ila tumefiwa." Kwanza nzuri, msiba baadaye! Silaumu. Huo ni ustaarabu wetu, na mtaa usio na salamu haukaliki. Ninachosema ni kwamba tumelizoea mno swali ambalo jibu lake limekwishapikwa, hata tunalipeleka mahali pasipo pake.

Mahali penyewe ni darasani. Mwalimu anajaza ubao, anapangusa chaki mikononi, anageuka. "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" "Kuna mwenye swali?" Kimya. "Haya, tuendelee." Sasa hilo nalo lilikuwa swali? La hasha. Hiyo ilikuwa salamu. Na atakayethubutu kunyoosha kidole akasema, "Mimi sijaelewa," amevunja adabu sawasawa na yule ambaye ukimwuliza habari gani anaanza kukusomea orodha ya matatizo yake.

Nimekaa shule ya msingi miaka saba na sekondari miaka minne. Katika miaka hiyo kumi na moja nimejibu maswali ambayo siwezi kuyahesabu: ya mazoezi, ya majaribio, ya mitihani ya muhula, ya taifa. Yote yalitungwa na mtu mwingine, na yote, aliyeyatunga alikuwa na jibu mfukoni. Aliyejibu haraka tulimwita kipanga. Aliyechelewa tulimwita kilaza. Siku ya mahafali walipewa zawadi wa kwanza kwa hesabu, wa kwanza kwa Kiingereza, hata wa kwanza kwa usafi. Sijawahi kuona zawadi ya aliyeuliza swali zuri kuliko wote.

Na angalieni maneno tunayomwita mwulizaji. Mtoto akiuliza mara moja, tunasema ana akili. Akiuliza mara tatu, ana kiherehere. Akiuliza mara tano, ni mjuaji. Mjuaji! Mtu ameuliza kwa sababu hajui, nasi tunamtukana kwa kumwambia kwamba anajua. Hata neno mdadisi, ambalo vitabuni ni sifa, mtaani lina harufu ya mtu anayechungulia dirisha la jirani. Lugha haisemi uongo. Inatuonesha kwamba tunamwogopa anayeuliza.

Kwa mfano wa jambo hili sina haja ya kwenda Ulaya. Upo hapa hapa Tanzania, na ingefaa kila mwanafunzi wa nchi hii aujue. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwapo kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuwahi nafasi, akaweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba alipoona hivyo akaingiza ya kwake yangali ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakaenda kutazama. Ya Mpemba, yaliyoingia yakiwa moto, yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungekula aiskrimu, basi. Mpemba akaenda kumwuliza mwalimu wake wa fizikia. Jibu: umechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda upesi. Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa. Huko wakaanza somo la joto, na jinsi vitu vinavyopoa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani. Tangu siku hiyo akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Ninyi mliosoma mnajua utani wa darasani unavyoweza kumnyamazisha mtu mpaka anazeeka.

Kisha shuleni hapo akafika mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Alipomaliza kuzungumza akakaribisha maswali. Mpemba akasimama. Alisema hivi, kwa ufupi: chukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 za sentigredi, kingine nyuzi 100. Viweke kwenye friza. Kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka, na baadaye wakamlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakumcheka. Alimwuliza kama amefanya jambo hilo kweli. Aliposikia ndiyo, akamwambia kwamba sababu haijui, lakini ataahidi kulijaribu akirudi Dar.

Akalijaribu. Na hapa pana kipande ninachokipenda kuliko vyote. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini akamtuliza bosi wake kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Yaani macho yamekwishaona, lakini kitabu bado hakijatoa kibali. Majaribio yaliyofuata yakatoa matokeo yale yale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, na leo wanafizikia wa dunia nzima wanalitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba. Fizikia ya Mpemba imekuwa fizikia ya ulimwengu. Yeye mwenyewe baadaye alifanya kazi ya uhifadhi wa wanyamapori.

Sasa, watu wakisimulia kisa hiki huwa wanaishia hapo, tunapiga makofi, tunakwenda zetu. Mimi naomba tusiishie hapo. Ukweli ni kwamba ubishi haujaisha. Aristotle wa Ugiriki ya kale alikwishaandika kwamba maji yaliyopata moto hupoa upesi, kwa hiyo Mpemba hakuwa wa kwanza kuona. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri kuliko wengine. Majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wakapima upya wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji yanafanya hivyo. Mwaka 2020 wengine, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada, wakaonesha jambo la namna hiyo katika punje ndogo mno zilizo ndani ya maji. Kwa hiyo ukiniuliza leo kama ni kweli, nitakujibu: inategemea maji gani, chombo gani, friza gani, na "kuganda" maana yake nini.

Je, hilo linampunguzia Mpemba heshima? Nasema halimpunguzii hata kidogo, na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Tumezoea kulipima swali kwa jibu lake. Jibu likiwa kubwa, swali lilikuwa la akili. Jibu likikosekana, swali lilikuwa la kipuuzi. Kumbe swali la kijana wa Magamba lilikuwa zima tangu siku ya kwanza, kabla hajatokea mtu wa kulijibu. Lichambueni. Kwanza, lilitoka kwenye kitu alichokiona kwa macho yake, si kwenye kitabu. Pili, lilikuwa na vipimo: vyombo viwili, kiasi sawa, nyuzi 35, nyuzi 100. Huwezi kulikwepa kwa maneno. Tatu, hakuwa na jibu mfukoni. Nne, lilikaa naye. Alipuuzwa shule ya kwanza, akachekwa shule ya pili, nalo bado lipo. Akili iko wapi katika mambo hayo manne? Sioni hata moja linalohitaji mtu kuzaliwa kipanga. Kuangalia, kupima, kukubali kwamba hujui, kung'ang'ania: ni kazi, kama kulima.

Wahenga wetu walikuwa na shule ya kazi hiyo. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani. Ukishindwa unatoa mji, unaambiwa: nanasi. Mara ya kwanza unacheka. Lakini kuanzia siku hiyo nanasi si nanasi tena, ni kuku aliyejichagulia mahali pabaya pa kutagia. Swali limekufanya ukione upya kitu ulichokuwa ukikila tu. Huo ndio ubunifu, na hauna siri nyingine. Tofauti moja tu ipo. Kwenye kitendawili mtegaji anajua jibu, na ndiyo maana anadai mji. Swali la Mpemba ni kitendawili kisicho na mtegaji. Hakuna wa kumpa mji. Mtahangaika wote, mwalimu na mwanafunzi, mkubwa na mdogo. Nadhani ndiyo sababu wakubwa wengi hawalipendi: linawashusha kwenye mkeka tulipokaa sisi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila anayeuliza ana akili. Tunawajua wale wanaosimama kwenye mikutano, "Mimi nina maswali matatu na nyongeza moja," halafu dakika kumi nzima anatueleza alivyosoma. Hilo si swali, ni hotuba iliyovaa alama ya kuuliza. Yupo pia anayeuliza ili kukamata: "Unajua unaongea na nani?" Na lipo swali linaloanza na mbona. Mbona umechelewa? Mbona huolewi? Mbona huzai? Neno mbona lina kidole ndani yake. Kabla hujajibu umekwishahukumiwa. Watu wameumizwa na maswali kuliko walivyoumizwa na matusi. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: anayeuliza kweli yuko tayari jibu limbadilishe. Asiyekuwa tayari, huyo anatumia swali kama fimbo.

Lakini hata mbona, kinywani mwa asiye na hila, inaweza kufungua mlango. Katika mtaa tunaokaa alifariki fundi cherehani, mzee wa watu, aliyetushonea sare sote. Baada ya mazishi msemaji wa familia akasimama, akasema mwenye kumdai marehemu ajitokeze aonane na ndugu. Kimya kile cha adabu. Binti mdogo wa jirani, hajafika hata miaka minane, akamwuliza mama yake kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanaume: "Na wale aliokuwa anawadai babu, mbona hao hawaitwi?" Mama akamfinya. Mzee mmoja akanong'ona, "Mtoto mjuaji huyu." Lakini niliwatazama watu, na si wachache walioinamisha macho, maana marehemu alikuwa mwepesi wa kukopesha na mzito wa kudai. Siku ya tatu, jioni, bwana mmoja alikuja akamwita mjane pembeni akampa pesa. Siku ya nne wakaja wawili. Mtoto yule hakuwa ametoa mawaidha. Hakumtaja mtu. Aliona upande mmoja wa mizani umeachwa mtupu, akauliza.

Nani alikuwa na akili pale, yeye au sisi tuliokuwa tunajua na tukanyamaza? Nafikiri wengi wetu hatukosi akili ya kuuliza. Tunalo swali, ila tumekwishapiga hesabu ya gharama yake: kuchekwa, kufinywa, kuitwa mjuaji. Kwa hiyo ukikuta darasa, nyumba au nchi isiyo na maswali, usiseme watu wake hawana akili. Pengine wanayo nyingi sana, na wameitumia yote kujifunza kukaa kimya.

Hapo mzigo unahama kutoka kwa mwulizaji unakwenda kwa mwulizwaji. Kila kinachosimuliwa kuhusu Mpemba kingekufa Iringa kama Osborne angecheka pamoja na darasa. Tendo lake halikuwa kubwa. Alisema sijui, kisha akaenda kujaribu. Neno moja na safari moja! Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliweka akili ya kuuliza na kudadisi miongoni mwa mambo ambayo elimu yetu inapaswa kumjengea kijana. Lakini huwezi kumjengea mtoto akili ya kuuliza kama wewe unayeulizwa hujajenga ulimi wa kusema sijui. Na hili si la walimu peke yao. Mimi ni kaka wa mtu, kesho nitakuwa baba wa mtu. Wewe unayesoma, yupo mdogo wako anayekusubiri umalize ukurasa huu akuulize kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Utamwambia nini? "Nenda kalale"? Siku hizi simu inaweza kumpa jibu kabla hujakohoa, lakini simu haiwezi kumtazama usoni ikamwambia: swali zuri, twende nje tukatazame.

Nimalizie na sisi wenyewe wa kalamu. Nasoma hadithi nyingi za vijana wenzangu, na nyingi nazijua mwisho nikiwa ukurasa wa kwanza. Msichana kakimbilia mjini: ataharibikiwa. Kijana kapenda pombe: atafukuzwa kazi. Tajiri ana roho mbaya: atafilisika. Lugha tamu, tamathali zipo, lakini mwandishi amekaa kama yule mwalimu wa "mmeelewa?" Jibu analo mfukoni toka mwanzo, msomaji anaitwa aje aitikie ndiyo. Linganisheni na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, kitabu kilichowahi kuzuiwa mashuleni. Baba mkali, binti aliyefungiwa, kisha binti aliyeharibikiwa. Angeweza kutupa funzo rahisi tukalala. Badala yake anatuacha tunabishana mpaka leo: ni nani aliyemharibu Rosa, ulimwengu au ulinzi wenyewe? Nimewasikia watu wakigombana kijiweni kuhusu swali hilo kana kwamba Rosa ni dada wa mmoja wao. Riwaya isiyouliza haina nguvu hiyo.

Mimi ninayo ya kwangu, iko kwenye madaftari. Ndani yake yupo mama muuza maandazi ambaye mwanawe amemletea gunia la unga. Mama anajua pesa ya unga ni ya wizi. Anajua pia ni nani aliyeibiwa, ni jirani yake. Na watoto wengine wanne wanalala njaa. Alfajiri anaukanda ule unga. Je, ni mwizi? Nimeshajaza daftari mbili na sijui. Rafiki zangu wananiambia amua basi, bwana, umalize kitabu. Siwezi kuamua kwa kuwa sitaki kumhukumu kabla sijamjua, na kila nikiandika ukurasa nagundua kitu ambacho sikuwa nimekiona: kwamba anauza yale maandazi kwa yule yule jirani, kwamba siku hiyo anamwongezea moja bure. Ningekuwa na jibu tangu mwanzo, lile andazi moja la bure nisingeliona kamwe.

Kwa hiyo jibu langu kwa methali ni hili. Kuuliza si ujinga, na wala si akili. Ni kuukubali ujinga wako mbele za watu na kuufanyia kazi, na kazi hiyo ndiyo inayozaa akili, na ubunifu pia. Ni kazi ya wawili: wa kuuliza, na wa kutomcheka. Kabla ya kuandika hadithi yako ijayo, andika kwanza swali lake kwa sentensi moja juu ya ukurasa. Likiwa na jibu unalolijua, lifute, tafuta lingine. Na mwenye hoja ya kunipinga asimnong'oneze jirani, aandike. Kurasa zipo.